Kilima cha ngome ya Arundel: udongo ulibebaje ukuta wa mawe?

Mwanafunzi_Sussex: Wakuu, habari za leo. Juzi nilipanda kilima kilicho katikati ya ngome ya Arundel, kusini mwa Uingereza, kwenye makazi ya ukoo wa makabaila wa Norfolk. Ukisimama chini kwenye handaki kavu, kilele kiko zaidi ya futi 100 juu yako, na chote kimerundikwa na watu. Roger de Montgomery, kabaila wa Kinormani, alianza kazi hiyo mwaka 1067 hivi. Swali langu: ukuta mzito wa mawe umekaaje juu ya kifusi bila kutitia?

Mzee wa Ramani: Kifusi chenyewe kilitoka palepale, mdogo wangu. Walichimba handaki, udongo wakautupa ndani. Kila karai lililopanda lilimwongezea adui kina na kimo kwa pamoja.

Fundi Matuta: Niongezee hapo, maana mimi matuta ya barabara ndiyo kazi yangu. La kwanza ni tabaka. Kwenye kitambaa cha tarizi cha Bayeux, cha karne ya 11, kinachosimulia Wanormani walivyoiteka Uingereza, kuna watu wenye masepetu wakirundika kilima cha ngome ya Hastings, nacho kimetariziwa mistari mistari ya rangi tofauti. Mimi naiona ile ni tabaka moja juu ya nyingine, kila moja inashindiliwa kabla ya inayofuata. Tena Arundel wana jiwe la chaki, ambalo likishindiliwa vizuri linashikana na maji yanapita.

La pili ni muda, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Hawakuanza na mawe. Vilima vya namna hii kwa kawaida vilianza na boma la magogo na mnara wa mbao. Ukuta wa mawe wa Arundel ni wa William d'Aubigny, bwana wa ngome wa baadaye, kwenye miaka ya 1140, kwa hiyo udongo ulishatulia miaka sabini. Nao umezunguka ukingo tu, haukubebesha kilima jengo zito katikati. Linganisha na mnara wa mawe wa York, kaskazini mwa Uingereza, nao uko juu ya kilima cha namna hiyo: karne ya 14 ulipasuka kutoka juu hadi chini.

Mwanafunzi_Sussex: Shukrani sana. Je, kabla ya ukuta huo palikuwa na ulinzi wa maana?

Mzee wa Ramani: Mwaka 1102 Mfalme Henry I alipazingira miezi mitatu ndipo wakasalimu amri. Hesabu mwenyewe.

Fundi Matuta: Ukirudi, usikate njia kwenye mteremko. Nyasi zikichakaa, mvua inaanza kuchora mifereji.