Naomba ushauri: mvinyo mzuri wa wazalishaji wadogo wa California

Habari zenu wakuu. Naishi Sacramento, bajeti yangu haizidi dola 25 kwa chupa. Napa, eneo maarufu la mvinyo, nimeenda mara mbili. Ada ya kuonja peke yake ilimaliza hela ya chupa mbili. Mwezi uliopita nikashuka Lodi, nikapata Zinfandel (aina ya mvinyo mwekundu) ya mizabibu mikongwe kwa mzalishaji mdogo, dola 22. Nzito, inanukia zambarau zilizoiva na pilipili manga, na kwa mbuzi choma ilikubali mno! Madukani nimetafuta nyingine kama hiyo, nakuta lebo zilezile za makampuni makubwa.

Mliozoea maeneo mengine ya mvinyo kama Amador na Paso Robles, nianzie wapi? Na kujiunga na klabu ya mzalishaji, ile ya kutumiwa chupa kila baada ya muda, kunapunguza bei kweli, au gharama ya kutumiwa chupa inakula nafuu yote?