Goti linauma tangu nibadilishe raba za kukimbilia, naombeni ushauri

Dada wa Alfajiri:
Wakuu, habari zenu. Nakimbia tangu 2022, asubuhi nne kwa wiki, natoka Upanga napita Daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach na kurudi. Sijawahi kuumwa goti. Raba zangu za zamani zilikuwa na soli nyembamba, karibu bapa, na upande wa nje wa kisigino ulishalika hadi sponji ikaonekana. Mwezi uliopita nikanunua mpya kabisa, si za mtumba: laini, soli nene, kisigino kimenyanyuka. Siku ya kwanza nilihisi nakanyaga godoro.

Wiki ya tatu goti la kulia likaanza. Maumivu yako mbele, yanaizunguka pia ya goti. Kilomita mbili za mwanzo hayapo, yanakuja baadaye. Ngazi ndizo zinanitesa: nakaa ghorofa ya tatu, sasa nashuka nimeshika ukuta, natanguliza mguu wa kulia kila ngazi kama mtoto. Nikikaa kwenye daladala kwa foleni, kusimama ni shida.

Muuzaji kaniambia nivumilie, zitauzoea mguu. Nimejisajili Kilimanjaro Marathon, kilomita 21, zimebaki wiki tisa. Je, nizitupe hizi raba? Moshi nimeiandalia mwaka mzima.

Mzee wa Lami:
Pole sana dada. Hilo la kuvumilia usilisikilize, goti likiuma wiki baada ya wiki halizoei kitu. Mimi 2019 nilifanya kinyume chako: nilitoka kwenye raba za kisigino kirefu nikahamia bapa kwa siku moja tu. Kano ya nyuma ya kisigino ikavimba, asubuhi naenda bafuni kwa ncha za vidole. Miezi minne sikukimbia. Kisigino cha raba kikishuka, kigimbi na kano hiyo ndivyo vinabeba zaidi; kikipanda, mzigo unasogea gotini. Raba zako huenda ni nzuri tu, ila umezihamia ghafla.

Binti Kinondoni:
Mwenzangu, mimi kabla ya kutoka nameza diclofenac, nakimbia bila kusikia kitu.

Fizio wa Dodoma:
Binti Kinondoni, tafadhali acha, na dada usifuate. Dawa inazima maumivu huku goti likiendelea kuumia. Isitoshe, kwa joto la Dar mwili ukipungukiwa maji, dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru figo.

Dada, nijibu mawili. Goti limevimba, lina joto au linakwama? Na kwa wiki ulikuwa unakimbia kilomita ngapi kabla ya raba mpya, sasa ngapi?

Dada wa Alfajiri:
Halijavimba wala halikwami. Kuhusu kilomita nimefungua daftari langu. Kabla: 28, 30, 29. Baada ya raba mpya: 36, 41, 46. Sikuwa nimezijumlisha. Raba zilikuwa laini, nikaona mwili una nguvu, nikaongeza na vilima vya Mlimani kila Jumamosi.

Fizio wa Dodoma:
Basi usizitwishe raba lawama zote. Umebadilisha vitu vitatu ndani ya mwezi mmoja: kiatu, umbali na vilima. Siwezi kukupa jina la tatizo bila kukushika goti, lakini maumivu ya mbele yanayozidi ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu mara nyingi ni ya pia ya goti kuzidiwa na kazi.

Rudi kwenye kilomita 25 kwa wiki, njia tambarare. Maumivu yasivuke 3 kwa 10, na kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yasipotulia, punguza tena. Tafuta raba zenye umbo la zile za zamani (zile zenyewe zimekwisha, usizirudie), hizi mpya zivae mara moja kwa wiki, mbio fupi. Hesabu hatua zako kwa dakika, kisha ongeza kama 5 kwa 100, kwa hatua fupi zaidi. Hilo peke yake hulipunguzia goti mzigo. Mara tatu kwa wiki kaa na kusimama kwenye kiti taratibu, na ulale ubavu unyanyue mguu wa juu, nyonga ipate nguvu.

Likivimba, likikwama, likiuma usiku au ukishindwa kulikanyagia, nenda hospitali usisubiri.

Mzee wa Lami:
Na Moshi, watu wanaogopa kupanda kuelekea Mweka. Goti linaumia mkigeuka kushuka. Kama wiki ya sita kilomita 12 bado zinakuuma, kimbia zile mbio fupi za kilomita 5 na mwakani urudi.

Dada wa Alfajiri:
Mrejesho, siku ya 18. Wiki hii kilomita 24, maumivu 1 kwa 10. Hatua zilikuwa 158 kwa dakika, sasa 166. Leo nimeshuka ghorofa zote tatu mkono mmoja nimebeba ndoo, ukuta sikuugusa. Jumamosi najaribu kilomita nane, nitawaambia.