Naomba ushauri: Lagos (ya Ureno, si ya Nigeria) au Tavira, na mbwa wa watu yuko nyumbani?

Habarini wapendwa, naombeni ushauri. Niko Faro, Ureno, nimeachiwa nyumba ya watu wiki 3 na mbwa wao mzee, anameza kidonge saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, namfichia kwenye kipande cha jibini maana kikiwa kikavu anakitema. Natamani sana kuona miji ya pwani kwa treni, Olhão nimeshaenda, soko la samaki pale limenikumbusha nyumbani kabisa. Sasa Tavira ni karibu ila bichi iko kisiwani mpaka upande boti, Lagos treni inakaribia masaa mawili kwenda tu. Jirani nimemuuliza ila Kireno changu bado. Je, Lagos nitawahi kurudi bila mbwa kuteseka, au nitosheke na Tavira? Na kwenye treni mbwa mkubwa anaruhusiwa?