Wimbo wangu wa Kigongo Feri unafia ubeti wa pili, naombeni ushauri

MwanaMwaloni:
Wakuu salaam. Niko Buhongwa hapa Mwanza, naandika nyimbo na gitaa napiga kidogo. Nina wimbo kuhusu mama yangu mdogo, aliyeuza ugali na sato wa kukaanga pale Kigongo Feri kwa miaka mingi, hadi daraja la kwenda Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Kilomita 3 hivi, gari inavuka kwa dakika chache. Nani atashuka kula? Wateja wake walikuwa ni ile foleni.

Kiitikio nimechukua maneno aliyokuwa akiwaambia abiria: "Pantoni bado, kaa kwanza ule." Hicho watu wanakidaka papo hapo. Shida ni beti. Wa kwanza nimemweleza mama: moshi, sufuria, kanga iliyoungua pindo. Wa pili nimemweleza tena kwa maneno mengine. Wa tatu nalia tu, "daraja limekuja, riziki imekwenda". Prodyuza alipofika ubeti wa pili alishika simu akaanza kuchati. Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa nimeshachoka.

Nifanyeje?

DjIgoma:
Badilisha biti mkuu. Mashairi nani anasikiliza siku hizi.

Pweza44:
Wimbo wa daraja halafu hauna briji? Hahaha.

BibiWaNgudu:
Mwanangu MwanaMwaloni, hukusimuliwa ngano wewe? Ikumbuke ile ya zimwi lililomtia binti ndani ya ngoma. Linazunguka vijijini, likipiga ngoma binti anaimba humo ndani, watu wanalipa chakula. Kijiji cha kwanza watu wanacheza tu, wamepata ngoma inayoimba! Cha pili hivyo hivyo. Halafu linafika kijijini kwao binti. Wimbo ni ule ule, hata neno moja halijabadilika, ila sasa mama yake yumo kwenye kundi na ile sauti anaijua. Sisi watoto tulikuwa tunaitikia kwa kelele mwanzo wote, ikifika hapo kila mtu kimya. Mimi nilikuwa najifunika shuka.

Sasa tazama wa kwako. Mama anamwambia abiria, anamwambia abiria, anamwambia abiria. Kiitikio kinarudi kama kilivyoondoka. Yale maneno hakuwahi kumwambia mtu mwingine?

MwlSengerema:
Bibi kamaliza, mimi naongeza mawili. Kwanza, ubeti wa tatu unataja daraja mstari wa kwanza, taharuki yote inamwagika. Taja gati tupu, taja mafuta yaliyopoa kwenye karai, daraja tutaliona wenyewe. Pili, ngano ina usiku mzima, wimbo una dakika tatu. Usianze na alfajiri mama anawasha moto. Anza honi imeshalia.

KisesaYetu:
Siku ukipata nafasi nenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma hapa Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, mwezi wa sita. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagika haimbi hewani, anamwimbia Mgalu, mtu wa kundi pinzani aliye ng'ambo ya uwanja, na Mgalu anajibu. Wimbo wako una mtu anayezungumza, ila sijamwona anayeambiwa. "Abiria" si mtu mkuu.

MwanaMwaloni:
Bibi, swali lako limeninyima usingizi. Yupo mtu.

Mtoto wake wa kwanza, kaka yetu mkubwa, aliondoka kwenda Geita kwenye machimbo. Nilikuwa na miaka kama kumi, nimekaa juu ya ndoo. Pantoni ilikuwa imeshafika, mlango umeshushwa, magari yanatoka. Kaka kasimama na begi. Mama mdogo yuko kwenye karai anageuza samaki, hainui uso, akamwambia: "Pantoni bado, kaa kwanza ule." Na kaka akakaa. Akala. Pantoni ile ikaondoka.

Nimeandika jana usiku:

*Mlango umegonga gati, chuma juu ya zege,*
*Magari yanashuka, kijana kashika begi,*
*Mama anageuza sato, macho yako kwenye karai:*
*Pantoni bado, kaa kwanza ule.*

BibiWaNgudu:
Haya. Umeona?

MwlSengerema:
"Chuma juu ya zege" acha hivyo hivyo, usiguse. Ubeti wa tatu mpitishe huyo kijana darajani ndani ya basi, kasinzia dirishani, mama yuko chini.

BibiWaNgudu:
Mwalimu hiyo ni sinema. Mwache mama aseme yale maneno peke yake, hakuna mtu.

KisesaYetu:
Mimi niko na bibi.

Pweza44:
Mimi niko na basi. Ila asisinzie.

MwanaMwaloni:
Mrejesho wakuu. Ubeti wa tatu bado, mwalimu na bibi mmenivuruga kabisa. Ila Jumapili nilienda kwa mama mdogo na gitaa, nikamwimbia beti mbili za mwanzo. Wa kwanza alicheka, akanisahihisha kwamba kanga haikuungua pindo, iliungua katikati. Wa pili alikuwa anachambua dagaa, mikono ikasimama. Nilipomaliza akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe uliuona ule mlango."

DjIgoma:
Weka sauti hapa tusikie.