Naomba ushauri: mtoto wa miaka 14 kuendesha jetiski, na wadogo zake wapandeje?

MamaWatatu:
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao tunakwenda likizo mahali penye jetiski (zile pikipiki za majini) za kukodi, na watoto hawana habari nyingine. Wa kwanza ana miaka 14, anaogelea vizuri na ameshanipita urefu. Wa pili, binti, ana miaka 9. Wa mwisho ana 5. Mjomba wao, ambaye ndiye mzoefu kwenye familia, anasema mkubwa aendeshe mwenyewe, dada yake akae nyuma yake, na mdogo apakatwe mbele na baba yake. Mume wangu amekubali. Mimi moyo unasita. Sitaki kuwanyima watoto raha kwa woga tu, lakini pia sitaki kukubali kwa sababu nimezidiwa kura nyumbani. Sheria inasemaje kuhusu umri? Na huyu wa miaka 5 anaruhusiwa kupanda?

Nahodha Mkongwe:
Dada, usiudharau huo moyo wako. Nianze na umri. Watengenezaji wakubwa wanapendekeza dereva awe na miaka 16 na kuendelea. Sheria zenyewe zinatofautiana kweli kweli. Kanada, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuendesha jetiski, hata akiwa na mtu mzima. California nako ni 16, ila wa miaka 12 hadi 15 anaweza kushika akiwa na mtu wa miaka 18 au zaidi juu ya chombo hicho hicho. Florida wanaruhusu kuendesha kuanzia miaka 14, lakini kukodi mpaka ufike 18, na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baada ya hapo anatakiwa awe na kitambulisho cha mafunzo ya usalama wa vyombo vya majini.

Kwa hiyo kijana wako anaweza kuwa halali mahali pamoja, akavuka mpaka akawa anavunja sheria. Waulizeni wenye mamlaka ya usafiri wa majini wa huko mnakokwenda. Jibu la mwenye kukodisha peke yake halitoshi, maana yeye yuko kwenye biashara.

Kijana_wa_Mawimbi:
Mimi naona tunawadekeza sana watoto. Kijana wa 14, anaogelea, maji yametulia, jaketi la kujiokoa amevaa, tatizo liko wapi? Jetiski ni rahisi kuliko baiskeli. Unabonyeza mafuta inakwenda, unaachia inasimama.

Fundi Boti:
Mkuu, hapo kwenye "unaachia inasimama" ndipo watu wanapoumia, naomba nieleze taratibu.

Jetiski haina usukani chini ya maji kama mashua. Kuna pampu inayonyonya maji chini ya tumbo la chombo, pangaboi lililo ndani linayasukuma nyuma kwa nguvu, yanatokea kwenye mdomo mwembamba. Ukigeuza ule usukani wa juu anaoshika dereva, unageuza huo mdomo tu. Kinachokata kona ni yale maji yanayotoka. Sasa ukiachia mafuta, maji yanakatika, na ukikata kona mpaka mwisho chombo kinateleza kule kule kilikokuwa kinaelekea. Na kusimama hakisimami, kinaserereka umbali mrefu kutegemea mwendo na uzito.

Fikiria mtoto anaona boti imekatiza mbele yake. Mwili wake utafanya nini? Ataachia mafuta na kukata kona kwa pamoja. Ndivyo mwili wa mtu yeyote unavyofanya akishtuka. Basi chombo kitakwenda moja kwa moja hadi kwenye kile anachokikimbia. Anayeujua mchezo hubakiza mafuta kidogo ndipo akate kona, na hilo linataka kichwa kilichotulia ndani ya muda mfupi sana. Urefu haumsaidii hapo, wala kuogelea.

Zipo za kisasa zenye breki, kile kibati cha nyuma kinashuka na kurudisha maji mbele. Zipo pia zinazoongeza msukumo zenyewe kidogo ukikata kona. Msidhani mtakayopewa inayo mpaka muulize na mjaribu mahali pa wazi.

Kijana_wa_Mawimbi:
Sawa fundi, basi afundishwe hiyo kona mahali pasipo na watu. Bado sioni sababu ya kumnyima.

Nahodha Mkongwe:
Kama sheria ya huko inaruhusu, afundishwe mtu mzima akiwa nyuma yake, kwa mwendo mdogo. Hilo sina ugomvi nalo. Ninachokataa ni kumkabidhi dada yake wa miaka 9. Abiria akiegemea upande mwingine kwenye kona, chombo kinayumba hata kwa dereva mzoefu. Anayejifunza hatakiwi kubeba mtu anayemtegemea.

Mwokoaji Zamu ya Asubuhi:
Nazungumzia wadogo. Mtoto asikae mbele ya dereva, kamwe. Watu wazima wengi wanaamini pale mbele ndipo salama kwa kuwa wamemkumbatia. Chombo kikipiga wimbi au kikipunguza mwendo ghafla, mtoto anakwenda na uso kwenye usukani, na uzito wote wa baba unamfuata mgongoni. Tena mkono wake uko karibu na mafuta.

Kipimo cha kumpandisha mtoto kiko kwenye miguu yake. Mkalishe nyuma ya mtu mzima, chombo kikiwa nchi kavu. Nyayo zote mbili zikae bapa pale pa kukanyagia, na mikono imshike vizuri aliye mbele, vyote kwa wakati mmoja. Nyayo zikining'inia au zikigusa kwa vidole tu, hajafikia. Akipigwa na wimbi hana cha kujizuia nacho. Wa miaka 5 karibu wote hawafikii. Binti wa miaka 9 mpime, anaweza kufikia.

Jaketi liwe la sponji, la saizi ya mtoto mwenyewe. Yale ya kujaa hewa si ya jetiski, Florida wameyakataza kabisa kwenye vyombo hivi. Akishalifunga, mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue. Likipanda hadi kidevu na masikio yanazama ndani, ni kubwa, mtafutie jingine. Usiridhike na kukaza kamba.

Binti Bahari:
Kuna jambo watu wanaona aibu kulisema, na kwa sababu ya aibu hiyo wazazi hawalijui. Abiria akiangukia nyuma chombo kinapoondoka kwa kasi, anaweza kutua kwenye yale maji yanayotoka kwenye pampu. Yana nguvu ya kuingia mwilini kupitia njia ya haja au uke na kuchana viungo vya ndani. Onyo hilo watengenezaji wameliandika kwenye chombo chenyewe. Chupi ya kuogelea haizuii kitu. Kinachotakiwa ni suruali ya ile suti nzito ya mpira wanayovaa wapiga mbizi, kwa kila aliyepanda, hasa anayekaa mwisho. Mwombeni mwenye kukodisha awape, na asipokuwa nazo tafuteni kabla ya safari.

Halafu binti asuke au abane nywele ndani ya jaketi. Kule chini pampu inanyonya kamba, nguo zinazopepea na nywele ndefu.

MamaWatatu:
Asanteni sana, hilo la mwisho sikuwahi kulisikia popote. Tutakodi mbili, moja mume wangu na moja shemeji yake. Kuna la kuwaambia hao watu wazima?

Nahodha Mkongwe:
Hao ndio wa kuwaambia zaidi. Mkiwa na jetiski mbili za familia moja, watoto watapiga kelele "turushieni maji!" na mjomba atakuja kwa kasi akate kona karibu nao. Huo ndio mchezo unaogonganisha ndugu kwa ndugu, kwa sababu ileile ya fundi: akighairi dakika ya mwisho na kuachia mafuta, hageuki. Wakubaliane kabla, nchi kavu, hakuna kufukuzana, hakuna kurukia mawimbi ya boti, na kila mmoja abaki mbali na mwenzake. Kabla ya kukata kona watazame nyuma, si mbele tu.

Kamba ya kuzimia injini dereva aifunge mkononi au kwenye jaketi, ili akianguka injini izime papo hapo. Nimeona watu wanaichomeka tu kwenye swichi na kuiacha ining'inie. Hapo ni sawa na kutokuwa nayo, chombo kitaondoka na mtoto aliyebaki nyuma. Pombe hapana, hata chupa moja ya mchana. Na warudi kabla jua halijazama.

MamaWatatu:
Nimewasomea wote wawili huu uzi. Tumekubaliana hivi: mkubwa anapanda nyuma ya mjomba, na tukithibitisha sheria ya kule inaruhusu, atashika usukani mjomba akiwa nyuma yake, pasipo na watu. Binti tutampima miguu kwanza. Wa miaka 5 anabaki na mimi ufukweni, amelia lakini imeshapita. Swali la mwisho: wakipinduka je?

Fundi Boti:
Nyuma ya chombo kuna kibandiko chenye mshale unaoonyesha upande wa kukigeuzia. Waufuate huo, maana kukigeuza upande usio wake kunaweza kupeleka maji kwenye injini. Injini iwe imezimwa na kamba imechomolewa kabla mtu hajasogea nyuma. Kikishakaa sawa, dereva apande kwanza kupitia nyuma, akae, ndipo mtoto avutwe juu. Injini isiwashwe mpaka mtoto awe amekaa, ameshika, na hakuna aliyebaki majini nyuma. Waambie walifanye hilo mara moja makusudi, kwenye maji ya kina cha kiuno, kabla ya kwenda mbali.