Pikipiki inagonga nyuma nikiachia mafuta tu, ikivuta iko kimya

MwendoWaPole

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela nyingine.

Pikipiki yangu ni cc 150 ya kabureta, mbele disiki, nyuma dramu, cheni imefunikwa na kava zima. Ikivuta haina neno kabisa. Shida inaanza nikiachia mafuta: kutoka 50 kushuka hadi 20 hivi nasikia "ko... ko... ko-ko" upande wa cheni, na mtikisiko naupata kwenye futresti, hasa mguu wa kushoto. Nikiongeza mafuta kidogo tu inanyamaza papo hapo. Nikibeba mtu, mlio unazidi.

Fundi wa kwanza alisema ni breki, akatoa tairi na kubadilisha brekishuu. Mlio uko palepale. Wa pili aliisikiliza ikiwa imesimama inanguruma, akasema injini ifunguliwe. Hapo nikasita. Injini haili oili, asubuhi inawaka kwa kiki moja, na nikipiga resi nikiwa nimesimama haigongi hata kidogo.

Nieleweshwe jamani, ni kitu gani hiki kinachogonga wakati wa kupunguza mwendo peke yake?

GiaYaTatu

Cheni hiyo mkuu. Imelegea, inapiga kava. Kaza uendelee na safari.

SpanaKumi

Ndugu, injini isifunguliwe. Maelezo yako yenyewe yanaitetea.

Cheni inaweza kuwa yenyewe kweli, ila usikaze kabla ya kuelewa kinachotokea. Ukivuta, injini ndiyo inayolivuta tairi: cheni ya juu inakaza, ya chini inalegea. Ukiachia mafuta mambo yanageuka, tairi ndilo linaloisukuma injini. Ya chini inakaza, ya juu inaning'inia. Nafasi yoyote iliyopo kati ya injini na tairi, iwe ya cheni, ya meno ya sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) au ya ndani ya habu (kitovu cha tairi), inahamia upande wa pili, na chuma kikifika mwisho wake kinagonga. Tena injini ya silinda moja haizuii kwa ulaini. Inazuia kwa mapigo, na mwendo ukishuka mapigo yanazidi kuachana. Ndiyo maana unasikia ko-ko, si mvumo mmoja mrefu. Ukiongeza mafuta kidogo, mzigo unaegemea upande mmoja tena, kimya. Na abiria ni uzito wa ziada unaosukuma.

Sasa jaribu hivi. Barabara tupu, iliyonyooka. Fika 50, achia mafuta, breki usiguse. Mlio ukianza, shika klachi. Ukiendelea vilevile, ukipungua taratibu pamoja na tairi, basi tatizo ni la tairi lenyewe: beringi, breki, au kitu kinachogusa. Ukikatika pale pale, tatizo liko kwenye njia ya nguvu. Jaribio hili halina gharama, na inanisikitisha kwamba mafundi wawili wamekupokea bila hata mmoja kulifanya.

Ukirudi, zima injini kabisa, weka stendi ya kati, toa kava. Injini ikiwa inawaka usipeleke kidole karibu na cheni, hata kama tairi linazunguka polepole. Nimeona vidole vilivyokatika hivyo.

Zungusha tairi kwa mkono ukiipima cheni katikati, chini. Utakuta mahali inakaza na mahali inalegea, maana cheni haichakai sawasawa. Pima pale inapokaza zaidi. Pikipiki nyingi za aina yako zinataka mchezo, yaani cheni kupanda na kushuka, wa milimita 20 hadi 30, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kisha ivute cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana na meno mpaka unaona karibu nusu ya jino, imekwisha, na kuikaza hakutaiponya. Kama cheni yako ni ya saizi 428 unaweza kuipima kwa rula pia. Ivute inyooke, hesabu pini 21; ikiwa mpya ni milimita 254. Ikikaribia 259 badilisha pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haidumu.

Mwisho, na hapa ndipo ninapopashuku zaidi: raba za habu. Sproketi ya nyuma haikufungwa moja kwa moja kwenye rimu. Imekalia pleti yenye mapembe, na mapembe hayo yanakaa katikati ya raba ndani ya habu ili kumeza mishtuko. Ingiza gia ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, shika tairi kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma huku macho yako kwenye sproketi. Cheni ikishakaza na sproketi kusimama, tairi lisogee kidogo sana, tena kwa ubishi. Likitembea bila ubishi halafu likagonga, raba zimekufa.

DadaWaLami

Nakubaliana na SpanaKumi. Naongeza moja: jaribu pia kufunga breki ya mbele peke yake, taratibu. Ukisikia "tok" moja mikononi kila unaposhika, hizo ni beringi za shingo ya usukani, na ni habari nyingine kabisa. Mlio wa mbele hupanda kwenye fremu ukadhani unatoka chini ya kiti. Ila kwa ulivyoeleza, kwamba unanyamaza ukiongeza mafuta, mimi pia nashuku huko nyuma.

MwendoWaPole

Nimerudi. Nilifanya jaribio la klachi: nikishika, ko-ko inakatika. Breki ya mbele haina tok. Cheni ina mchezo wa 28 pale inapokaza, na haiachani na meno.

Ila tairi, Mzee SpanaKumi! Sproketi imesimama kabisa, tairi linatembea kama upana wa kidole, halafu "ko". Sauti ileile. Nikatoa tairi. Raba mbili zimepasuka katikati, nyingine zimekuwa ngumu na kubonyea upande mmoja, na ndani ya habu kuna unga mweusi tele. Fundi wa pili ananishauri nijazie vipande vya tyubu. Nifanyeje?

SpanaKumi

Tyubu hapana. Inakaa kimya siku chache, halafu inabonyea, na mapembe yanaanza kuila habu. Raba ni kitu kidogo, habu si kitu kidogo. Nunua seti nzima, usichanganye mpya na kuukuu. Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye mapembe ya pleti: yakiwa yameliwa au yana ufa, badilisha pleti nayo. Kama pleti yako ina beringi yake, izungushe kwa kidole, ikikwaruza, ibadilishe. Unga ulio ndani ya habu futa kwa kitambaa chenye maji, na ule wa dramu usiupulize, si wa kuvutwa na mapafu. Raba mpya huingia kwa shida. Paka maji ya sabuni, oili au grisi usiguse.

Ukirudisha tairi, alama za kukazia cheni zilingane pande zote mbili, kisha kaza nati ya ekseli ndipo upime mchezo tena, maana hubadilika kidogo.

Na jambo moja nakuomba uliangalie leo hii, kwa kuwa tairi limeshatolewa na watu wawili. Pleti ya breki ya nyuma inazuiwa na fito ya chuma iliyofungwa kwenye mkono wa nyuma wa fremu, ule unaoshika tairi. Nati yake ina pini ya kuizuia isifunguke. Fito hiyo ikichomoka, pleti inazunguka na tairi linajifunga ukiwa kwenye mwendo. Pini ipo?

MwendoWaPole

Haipo. Nati imekazwa kwa mkono tu, nimeifungua bila spana. Natafuta pini pamoja na raba, pikipiki haitoki mpaka vyote viwili vimefungwa.