Mrejesho: Mark X yangu iliyokosa sailensi baada ya kufunga bomba jipya la hewa

Wakuu, habari za leo. Wiki mbili zilizopita niliomba msaada: gari yangu Toyota Mark X GRX120, nimetoa boksi la ea klina (linalokaa filta ya hewa) nikafunga bomba la alumini na filta ya koni. Tangu hapo sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta) haikutulia: mshale wa RPM ulikuwa unacheza kati ya 400 na 1,100, na kwenye foleni ya Ubungo gari inazima kabisa. Aibu niliyoipata pale naijua mwenyewe.

Fundi wa kwanza alitaka ninunue plagi sita. Nikagoma, maana gari ilikuwa nzima hadi siku ile ya kufunga.

Tukaipima kwa mashine, ikatoa kodi za hitilafu P0171 na P0174, yaani pande zote mbili za injini hewa imezidi mafuta. Basi nikanyunyiza spreyi ya kabureta kidogokidogo kwenye maungio, injini ikiwa inaunguruma lakini bado ya baridi. Nilipofika kwenye kampira kadogo kanakotoka kwenye kava ya injini kuingia kwenye bomba, mlio ukabadilika palepale. Kamechanika kwa chini, ufa wa urefu wa kucha, huwezi kuuona bila kukachomoa. Hewa ilikuwa inapitia hapo bila kuhesabiwa na sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini.

Nimebadilisha mpira, nikasafisha na sensa yenyewe (ilikuwa na mafuta ya kupaka filta ya koni, niliyamwaga mengi mno), nikachomoa betri robo saa ili kompyuta ya gari ianze upya. Sasa inatulia 650, hata AC ikiwaka.

Plagi sijanunua.